Ziwa Karibu, Maji Mbali: Historia ya Bomba la Butiama na Musoma

Kutoka Musoma mjini hadi Butiama ni yapata kilometa 40. Msafiri anapoondoka ziwa liko ubavuni mwake, ziwa lililo kubwa kuliko mengine yote ya Afrika. Anapofika hukuta vilima vya mawe, mashamba ya mihogo na mtama, na kina mama wenye ndoo kichwani. Mgeni hushangaa na kuuliza: maji yote yale tuliyoyaacha nyuma, mbona hayakufika huku? Sisi tuliosoma katika mkoa huu hatukuwa na muda wa kushangaa, kwani zamu ya maji ilikuwamo katika ratiba ya shule kama vile hesabu na gwaride.

Makala nyingi za gazeti hili husimulia walimu wetu, mechi za mpira na vituko vya viranja. Ni habari nzuri, na mimi huzisoma zote. Safari hii naomba nafasi nisimulie habari za bomba, maana swali la yule mgeni ni swali la historia, nalo lina jibu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Wazanaki iko juu zaidi ya hapo kwa zaidi ya mita 100. Maji hayapandi kilima kwa hiari yake. Wazee waliishi kwa chemchemi zilizotoka katikati ya mawe, kwa vijito vya msimu, na kwa malambo ya kunyweshea ng'ombe. Familia zilikaa mbalimbali, kila ukoo ukijua chemchemi yake na mwezi ambao huanza kupungua. Utaratibu huo uliwatosha watu wachache waliotawanyika, ila haukuweza kuhimili kijiji kikubwa, wala shule ya bweni, wala hospitali.

Wakoloni walileta bomba pale walipokuwa na kazi nalo. Miji ilipata maji kwanza katika mitaa ya Wazungu na ofisi, kisha sokoni. Sheria ya mitambo ya maji ya mwaka 1949 iliwaza zaidi miji. Vijijini, halmashauri za wenyeji zilitakiwa kuchangia sehemu ya gharama za kisima au lambo, na aliyekosa cha kuchangia aliendelea na mtungi wake. Mgodi wa dhahabu wa Kiabakari, jirani kabisa na Butiama, ulikuwa na mitambo na injini wakati vijiji vilivyouzunguka vilikuwa na debe na kata. Mgodi huo ulifungwa katika miaka ya 1960, Uhuru ukiwa bado mchanga.

Kulikuwa na kizuizi kingine ambacho kijana wa kidato cha tatu yafaa akijue, kwani hakionekani kwa macho. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji yanayokwenda Naili isifanywe katika mito na maziwa yake bila ridhaa ya Misri. Tanganyika ilifungwa na maneno hayo bila kuulizwa. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haiutambui mkataba huo. Aliyeongoza msimamo ule, ambao wanasheria wa dunia huuita kwa jina lake hadi leo, ni Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, aliyezaliwa mwaka 1922 kwenye boma la Mtemi Nyerere Burito na kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kwa hiyo haki ya kuchota maji ya ziwa ilidaiwa mapema, naye aliyeidai alitoka katika kijiji chenye shida hiyo hiyo. Lakini haki ni jambo moja na pampu ni jambo jingine.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1965 Serikali iliamua kubeba yenyewe gharama zote za kujenga maji ya vijijini. Miaka michache baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikabeba pia gharama za kuendesha: mafuta, vipuri na mishahara. Maji ya vijijini yakawa bure. Mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi na salama umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake.

Leo wako wanaoucheka mpango ule. Mimi siucheki. Nchi maskini kusema kwamba mama wa Zanaki au wa Ugogo ana haki ya maji sawa na bwana mkubwa wa mjini lilikuwa jambo la heshima, nalo lilifanya watu waamini kwamba Uhuru ni wao. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma, wakachimba vyoo na kusafisha visima kwa mikono yao. Ari ilikuwapo. Kasoro ya mpango ilikuwa mahali pengine, na ili tuione inabidi tupige hesabu ndogo ambayo kila mwanafunzi wa fizikia anaiweza.

Debe moja la maji ni kama lita 20, yaani kilo 20. Tuseme tunalipandisha mita 200, tukihesabu kimo cha kilima pamoja na msuguano wa maji ndani ya bomba refu. Kazi hiyo ni kama jouli 39,000. Lita moja ya dizeli ina nishati ya jouli milioni 36 hivi, na injini ya kijijini pamoja na pampu yake hutumia sehemu moja tu kati ya tano kusukuma maji, nyingine huishia kuwa joto, moshi na kelele. Gawanya, utaona kwamba debe moja linahitaji dizeli ya mililita tano na kidogo. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Lita moja ya dizeli hupandisha madebe 180 hivi.

Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia mara tatu. Kijiko kimoja cha chai! Mama anayetembea saa nzima kufuata debe moja analipa gharama kubwa mno kuliko kijiko cha dizeli, ila analipa kwa shingo na miguu, na hakuna mhasibu anayeiandika. Kweli yako pia mabomba ya kubadilisha, vali, chujio, dawa ya kuua vijidudu na mshahara wa mwendesha mashine, na hivyo kwa jumla hugharimu kuliko mafuta. Hata hivyo hesabu inaonyesha kwamba maji ya ziwa hayakuwa ghali kiasi cha kutoweza kupanda Butiama. Ugumu ulikuwa kwamba kile kijiko kilihitajika kila siku, bila kukosa, mwaka wa kwanza na mwaka wa ishirini, na kilitakiwa kitoke Hazina, Dar es Salaam.

Hapo ndipo pa kutazama. Maji yalipokuwa bure, fedha ya kuyaendesha ilitoka mbali na bomba. Kijiji hakikuwa na mfuko wa dizeli. Mwendesha mashine aliajiriwa na Serikali na kuripoti kwa Mhandisi wa Maji wa Mkoa. Mashine ikizimika, wanakijiji hawakuwa na la kumwamuru wala la kumpa. Kisha mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa, na mwaka 1974 zikafuata za miji, madaraka yakahamia kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Mji wa Musoma, kama miji mingine, ukakaa miaka kadhaa bila baraza lake la kupanga na kudai. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978, na halmashauri za wilaya zikaanza tena mwaka 1984. Miaka hiyo ndiyo hasa mabomba mengi yaliyojengwa baada ya Uhuru yalipoanza kuhitaji matengenezo yake makubwa ya kwanza.

Wakati huo huo watu walikuwa wanahama. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu aliagiza kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja, na mwaka 1974 operesheni hiyo ilipamba moto. Familia zilizokuwa na chemchemi zao zikaletwa mahali pamoja, mara nyingi kando ya barabara, zikiahidiwa shule, zahanati na maji. Chemchemi iliyotosha kaya kumi ikatakiwa kutosha mia mbili. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa Azimio la Musoma lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Madarasa yakaongezeka haraka kuliko mabomba. Wengi wenu mliosoma shule za msingi miaka ile mtakumbuka kwamba mtoto hakuja shuleni na daftari tu. Alikuja na kidumu.

Na dunia haikutusubiri. Pipa la mafuta ghafi, lililouzwa kama dola 3 kabla ya Oktoba 1973, lilifika karibu dola 12 mapema mwaka uliofuata, na baada ya 1979 likapita dola 30. Kijiko chetu cha chai kikapanda bei mara kumi katika muda wa mtoto kuanza na kumaliza darasa la saba. Ukame wa 1973 na 1974 ulilazimisha nchi kununua chakula nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 Idi Amin alivamia Kagera, na vita ile iliyokwisha 1979 ikameza magari, mafuta na fedha za kigeni. Baada ya hapo hata mwenye shilingi hakupata kipuri, kwa kuwa kipuri hakikununuliwa kwa shilingi.

Wafadhili nao, kwa nia njema, walileta kila mmoja mashine ya kwao. Injini ya Kiingereza ilikaa jirani na ya Kihindi na ya Kijerumani, na ringi ya pistoni ya hii haikuingia katika ile. Fundi wa mkoa alikuwa stadi wa kuua mashine moja ili kuponya nyingine. Mtindo huo huwa na mwisho wake: siku moja hubaki mashine moja, na ikifa hakuna ya kuchinja.

Huko mjini kupungua kulikuja polepole, na ndiyo sababu watu walikuzoea. Kati ya 1966 na 1968 watafiti Gilbert White, Anne White na David Bradley walipima matumizi ya maji katika kaya za Kenya, Uganda na Tanzania. Miaka 30 baadaye wenzao walirudi katika sehemu nyingi zile zile. Katika nyumba za mijini zenye bomba, mtu aliyekuwa akitumia wastani wa lita 128 kwa siku alikuta zimebaki 66 hivi. Kwa wasio na bomba, muda wa kutafuta maji ulipanda kutoka dakika zisizofika 30 kwa siku hadi kama saa moja na nusu. Bomba lilikuwapo, bili ilikuwapo, koki ilikuwapo. Maji yalikuja usiku wa manane au Jumanne tu. Watu wakanunua mapipa na wenye uwezo wakajenga matangi. Wenye mikokoteni wakapata biashara, wakiuza debe moja kwa bei ambayo ingenunua vijiko vingi vya dizeli.

Yuko atakayesema kwamba shida ni mvua. Basi tuilinganishe Mara na Dodoma, mji tulioamua mwaka 1973 uwe makao makuu ya nchi. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, haina ziwa wala mto wa kudumu, na kwa miaka mingi maji yake yametoka chini ya ardhi, katika visima vya Makutupora kaskazini mwa mji. Kina cha maji katika visima vile kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu hizo zimewafundisha wataalamu wa dunia nzima jambo kubwa: mvua za kawaida haziongezi sana maji chini ya ardhi, visima hushuka mwaka hata mwaka, halafu misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, hujaza kwa mkupuo. Mji wa namna hiyo hauna budi kuhesabu kama mkulima mwenye ghala moja, ujue umevuna lini na umekula kiasi gani.

Dodoma basi ilikuwa na sababu ya haki ya kuogopa kiu, na woga huo uliifanya ihifadhi daftari la visima. Sisi tulio kando ya ziwa hatukuwahi kuogopa kwamba ziwa litakwisha, wala hatukuona haja ya daftari. Naona hilo ni moja ya mambo yaliyotuponza.

Mwaka 1985 ulileta mambo mawili. Mwalimu aliacha urais na kurudi kuishi Butiama. Neno kung'atuka, ambalo sasa ni la Waswahili wote, alilichukua kutoka Kizanaki, ambako rika moja hukabidhi madaraka kwa rika linalofuata kwa utaratibu unaojulikana. (Laiti mitambo yetu ya maji ingekuwa na utaratibu kama huo wa kukabidhiana!) Mwaka huo huo, kwa msaada wa Sweden, ulianza mpango wa HESAWA katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara, nao ukaendelea hadi 2002. HESAWA haikutegemea injini. Ilichimba visima vifupi, ikafunga pampu za mkono, ikahifadhi chemchemi na kufundisha usafi wa choo. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na kamati ya maji na mfuko wake.

Mpango wa miaka 20 ulipofika mwisho mwaka 1991, hata nusu ya wananchi wa vijijini hawakuwa wamefikiwa. Sera ya maji ya mwaka huo ikafuta maji ya bure na kuleta uchangiaji, na sera ya 2002 ikakaza zaidi: watumiaji walipie gharama zote za uendeshaji. Mijini, sheria ya 1997 ilifungua njia kwa mamlaka za maji zenye hesabu zao wenyewe, na Musoma ikapata yake.

Wenzetu wengi husimulia mageuzi hayo kama kwamba ujinga uliondoka na akili ikaingia. Siafiki. Mfuko wa kamati nyingi ulitosha kununua mpira wa pampu, haukutosha kununua pampu. Mweka hazina alipohama au kufariki, daftari liliondoka naye. Kisima kifupi kilikauka katika mwaka wa jua kali, hasa mwaka ambao watu hawakuwa na mazao ya kuuza ili wachange. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali yenyewe ilikiri kwamba takriban theluthi moja ya miradi ya vijijini haifanyi kazi ipasavyo, na miradi hiyo ilijumuisha ya bure na ya kulipia. Ada ilisogeza fedha karibu na bomba, na hilo ni jema. Haikujibu nani abadilishe bomba lote litakapooza.

Butiama ikawa wilaya mwaka 2012, ikimegwa kutoka Musoma Vijijini. Makao makuu ya wilaya huja na ofisi, nyumba za watumishi, hospitali na shule, na vyote hivyo hunywa. Bomba la zamani lililotoka ziwani Mugango hadi Kiabakari lilikuwa limechakaa, halikuweza kubeba mzigo huo. Ndipo ukaja mradi mpya wa Mugango, Kiabakari na Butiama, wa zaidi ya shilingi bilioni 70, kwa mkopo wa benki ya Waarabu ya maendeleo ya Afrika na mfuko wa maendeleo wa Saudi Arabia pamoja na fedha za Serikali yetu. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Februari 2022. Mtambo wake umebuniwa kutoa lita milioni 35 kwa siku. Gawanyeni kwa debe, vijana, mtapata madebe 1,750,000. Wakati huo huo sheria ya 2019 ilileta RUWASA, wakala wa maji vijijini, yenye kazi ya kusimamia vyombo vya watumia maji ili hesabu ya kijiji isiishie katika begi la mtu mmoja.

Pampu za siku hizi hutumia umeme badala ya dizeli, na kijiko chetu kimegeuka kuwa uniti, kama 0.02 kwa debe ikiwa pampu ni nzuri. Ni rahisi kuliko zamani. Bali umeme nao huja na bili kila mwezi, na mkopo hurudishwa, na bomba lililozikwa leo lina umri wake.

Sasa nina ombi kwa mhariri na kwa wasomaji. Karibu kila nyumba ya pampu katika mkoa huu ilikuwa na daftari ambamo mwendesha mashine aliandika saa za kuwasha na kuzima, lita za dizeli, na kilichoharibika. Mengi yameliwa na mchwa. Waliobaki kati ya wale waendesha mashine ni wazee sana. Vijana wa klabu ya historia wawatafute, wakiwa na kalamu, wawaulize mashine iliwashwa mwaka gani, ilizimika lini mara ya mwisho, na siku ile walimwandikia nani barua. Na ndugu yangu uliyefanya kazi Idara ya Maji, kama una nakala ya barua hizo ndani ya sanduku, njoo nazo kwenye mkutano wetu ujao. Tutazihifadhi katika maktaba ya shule, rafu iliyo juu, mbali na sakafu.